Niliwadanganya Kuhusu Vidole Vyenu

Wasee, wacha nianze na ile video, kwa sababu wengi wenu ndipo mlinijulia.

Ile ya sekunde arobaini na tano. Nimevaa koti jeupe la maabara nililobaki nalo tangu chuo, nimeweka sauti ya daktari wa redio, nawaambia: angalia kidole gumba chako. Ukiona mistari inazunguka kama maji yakiingia kwa shimo la sinki, hiyo ni alama ya kiume, wewe ni mtu wa kuongoza. Ukiona mistari imeingia, ikapinda, ikarudi penye ilitoka, hiyo ni alama ya kike, una moyo wa huruma. Halafu nikaongeza makundi ya damu. A ni hivi, B ni vile. Na nikamaliza na ile mstari mliyoipenda: "Dem wa O mwenye mizunguko? Buda, kimbia."

Mlicheka. Mlituma kwa magrupu ya familia. Kwa wiki moja komenti zangu zilijaa picha za vidole gumba, ungedhani watu wanajisajili kupiga kura. Ile video ilinilipia keja miezi miwili. Sitawadanganya tena: nilifurahi sana.

Halafu Jumapili moja usiku ikaingia meseji. Mwenyewe ameniruhusu niiandike, na nimebadilisha vitu vidogo ili asijulikane.

"Bro, mimi ni dem, niko fomu tatu. Vidole vyangu vyote kumi ni mizunguko, nimehesabu. Na niko O. Vijana wa darasa letu waliona video yako wakaanza kukagua watu vidole. Sasa naitwa Mista. Nimekuwa nikisugua na msasa lakini zinarudi. Kuna kitu haiko sawa na mimi? Ama kuna dawa?"

Nilisoma mara tatu. Msasa. Ile karatasi ya fundi wa mbao, ya kulainisha meza.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuwasha tochi ya simu na kuangalia vidole vyangu. Si eti sikuwa najua. Nilijua vizuri. Ukirudi kuangalia ile video, kidole gumba kinachoonekana karibu si changu. Ni cha mse tunayeishi naye, kwa sababu chake kina mzunguko mkali unaoonekana hata na simu ya bei ya chini. Mimi nina vitanzi vinane na matao mawili. Hakuna mzunguko hata mmoja. Kwa sheria niliyotunga mwenyewe, mimi ndiye dem.

Na hiyo haikuwahi kunisumbua hata dakika moja, kwa sababu nilijua nimeitunga. Yeye hakujua.

Sasa, ilitoka wapi? Hapa ndio aibu iko, lakini tuendelee.

Nilikaa chuo kikuu mwaka mmoja na nusu kabla karo inishinde. Mwaka wa pili tulikuwa na somo la maabara ambapo tulipaka vidole wino, tukavibonyeza kwa karatasi, halafu tukachomwa kidole kimoja, tone la damu likawekwa kwa kigae, likachanganywa na dawa ya kupimia, tukaangalia kama linagandana ama halishtuki. Tulikuwa darasa la watu sitini. Tukachora jedwali kubwa ubaoni: mchoro wa kidole, kundi la damu, mwanamume ama mwanamke.

Na manze, lile jedwali lilikuwa linasema kitu! Wanaume wa darasa letu walikuwa na mizunguko mingi kuliko wanawake. Watu wa kundi B walionekana kama wana mchoro wao wenyewe. Tukaanza kupiga kelele, kila mtu anajitafuta. Lekchara akatuangalia tu, akafuta mikono chaki, akasema, "Wiki ijayo tutajua kama jedwali hili linasema ukweli."

Wiki ijayo sikuweko. Jina langu lilikuwa kwa orodha iliyobandikwa mlangoni ya wale hawaruhusiwi kuingia. Nilingoja kidogo nje nikiangalia wenzangu wakiingia, halafu nikaenda steji.

Kwa hivyo nilitoka chuo na nusu ya somo. Na miaka miwili baadaye, bila doo na nikiwa na koti jeupe, nikaliuza kama somo zima.

Baada ya ile meseji nilimtafuta msichana mmoja tuliyekaa naye benchi moja siku hiyo. Yeye alimaliza, sahii anafanya kazi ya maabara. Nikamuomba noti za ile wiki niliyokosa. Alinitumia kurasa nne zikiwa zimepigwa picha, na maneno mawili: "Ungeuliza kwanza."

Hii ndiyo nusu ya pili ya somo. Nawapa bure.

Michoro mikubwa ya vidole ni mitatu. Kitanzi ndicho kingi zaidi, kama asilimia 60 hadi 65 ya vidole vya watu. Mzunguko ni kama asilimia 30 hadi 35. Tao, pale mistari inapanda kama kilima na kushukia upande wa pili, ni kama asilimia 5. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mitatu kwa mkono mmoja.

Ilichorwa ukiwa bado tumboni, kuanzia kama wiki ya 10 ya mimba hadi kama wiki ya 17. Wakati huo ncha za vidole vya mtoto zina vivimbe kama mito midogo. Mistari ikianza kujichora wakati kivimbe bado kimeinuka, mara nyingi inatoka mizunguko. Kivimbe kikiwa kimeshalala, inatoka tao. Kikiwa kimeegemea upande mmoja, inatoka kitanzi. Jeni zinachangia, ndio, lakini hata kasi ya kukua, maji ya mimba na venye mtoto amejilaza vinachangia. Ndio maana mapacha wa kufanana kabisa, wenye jeni sawa, wana alama tofauti za vidole.

Damu ni hadithi nyingine. Makundi yake yalitambuliwa na daktari anaitwa Karl Landsteiner kule Vienna, akayachapisha mwaka 1901, na mwaka 1930 akapewa Nobel. Siku ya kimataifa ya wanaojitolea damu, tarehe 14 Juni, ni siku yake ya kuzaliwa. Hiyo A, B, AB ama O inaamuliwa na jeni iliyoko kwa kromosomu ya 9. Rhesus, ile ya chanya ama hasi, iko kwa kromosomu ya 1. Na mambo ya mwili kuwa wa kiume ama wa kike yanaanzia kwa zile zinaitwa X na Y. Hiyo ni mitaa mitatu tofauti. Kujaribu kumjua mtu jinsia yake kwa kundi la damu ni kama kusoma namba ya nyumba Kayole ili ujue nani anaishi Kisauni. Hakuna damu ya kiume. Kaka na dada wa tumbo moja wana nafasi ileile ya kupata O.

Je, vidole na jinsia? Hapa lazima niseme ukweli wote, maana nikificha nusu tena nitakuwa nimerudi palepale. Kuna kitu, lakini ni kidogo. Tafiti nyingi zimeona kwamba, kwa wastani, wanaume wana mizunguko mingi kidogo na wanawake wana matao mengi kidogo. Tena mistari ya wanawake kwa wastani ni myembamba na imekaribiana zaidi, na wachunguzi wa uhalifu huitumia hiyo kukisia ni nani aliyeshika kikombe.

Kukisia. Kwa sababu wastani si mtu. Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, lakini dem akikuzidi urefu kwa foleni ya matatu, huwezi kumwambia basi yeye ni mwanaume. Unanyamaza unaingia gari. Mamilioni ya wanawake wana mizunguko. Mamilioni ya wanaume, na mimi nikiwa mmoja wao, hawana.

Na vidole na damu? Kuna ripoti mob sana za hii kitu, nyingi kutoka vyuo vya udaktari vya India, na zinapingana. Moja inakuambia watu wa kundi hili wana mizunguko mingi, nyingine inakuambia hapana, ni wa kundi lile, ya tatu inakuambia hakuna uhusiano wowote. Noti zilinionyesha sababu, na ni hesabu ya darasa la saba.

Makundi ya damu 4, mara Rhesus 2, hiyo ni 8. Mara michoro 3, hiyo ni 24. Mara jinsia 2, hiyo ni 48. Visanduku 48, na sisi tulikuwa watu 60! Ukigawa sawasawa, kila kisanduku kinapata mtu mmoja na kidogo. Na hata haigawanyiki sawa, kwa sababu hapa Kenya O ndilo kundi kubwa zaidi na wenye Rhesus hasi ni wachache. Wengi wanajazana kwa visanduku vichache, vingine vinabaki na mtu mmoja ama hakuna. Wale watu wa B tuliowashangilia wangetoshea kiti cha nyuma cha matatu.

Kosa la pili: tulihesabu vidole badala ya watu. Sitini mara kumi, mia sita, inaonekana ni kitu kikubwa. Lakini vidole vyangu kumi vina damu moja na mwenyewe mmoja. Shahidi mmoja akirudia maneno yake mara kumi kortini bado ni shahidi mmoja.

Kosa la tatu: tuliuliza jedwali maswali mengi hadi likatujibu. Kama kila swali lina nafasi moja kati ya ishirini ya kukuonyesha uhusiano ambao ni bahati tu, ukiuliza maswali ishirini tarajia uongo mmoja. Mimi ule uongo mmoja ndio niliuchukua, nikauvalisha koti jeupe.

Kumbe hata si mimi wa kwanza. Kuna Mwingereza anaitwa Francis Galton, binamu ya Charles Darwin. Mwaka 1892 alitoa kitabu kizima kuhusu alama za vidole. Huyu ndiye aliyebuni mwaka 1883 jina la ile fikra ya kuchagua watu gani "bora" wazaliane. Alitaka sana vidole vimwonyeshe kabila, tabia na akili ya mtu. Akalinganisha watu wa jamii mbalimbali, akalinganisha wasomi na vibarua wa mashamba. Hakupata kitu, na akaandika hivyo. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kutaka kupata alikubali hakuna. Mimi niliyekuwa nataka tu kodi ya nyumba sikuangalia.

Michoro yenyewe ilipata kazi nyingine. Kule Kolkata, polisi chini ya Edward Henry, na akili ya Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walitengeneza njia ya kupanga karatasi za alama kwa makundi 1,024 kulingana na mizunguko iko kwa vidole gani. Ilikuwa ni kupanga droo, basi. Mchoro ulikuambia ufungue droo gani. Haukukuambia mtu aliye ndani ni mpole ama ni mkali.

Lakini wenye droo huwa na mipango yao. Huku kwetu mipango hiyo iliitwa kipande. Sheria ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 achukuliwe alama za vidole, karatasi yake iwekwe kwa kikebe cha chuma, aivae shingoni akienda kutafuta kazi. Mwanamume peke yake. Wanawake hawakuandikishwa, na si eti kwa heshima. Serikali ilikuwa inatafuta vibarua wa mashamba ya walowezi, na ikaamua nani ni mtu wa kuhesabiwa. Hata baada ya uhuru vitambulisho viliendelea kuwa vya wanaume hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978 ndipo wanawake wakaingizwa.

Shosho yangu alishazaa watoto wake wote kabla nchi hii haijataka kujua kidole chake kinafanana vipi. Kwa hivyo ndio, kuna uhusiano kati ya alama za vidole na jinsia, na ule mkubwa kabisa ulitoka kwa ofisi. Uliandikwa na watu.

Na mathe naye ana yake. Mathe amefulia watu nguo tangu nikiwa darasa la pili. Alipoenda kufanyiwa kitambulisho kipya baada ya kile cha kwanza kupotea, mashine ilikataa vidole vyake. Jaribu tena, mama. Pangusa. Jaribu kingine. Sabuni na kusugua vilikuwa vimekula mistari. Kijana wa pale akamwambia, akicheka kidogo, "Mama, wewe hauna vidole." Alirudi nyumbani akakaa wiki mbili akipaka mafuta usiku na kufunga mikono na karatasi za nailoni ndipo zikasomeka. Nilikuwa hapo nikimfungia hizo nailoni. Halafu nikaja kutengeneza video iliyofanya mtoto wa mwenyewe achukue msasa.

Nilimjibu siku hiyohiyo. Nilimwambia hakuna kitu kibaya na yeye. Nikamwambia nilitunga. Nikamtumia picha ya vitanzi vyangu vinane na matao mawili, na nikamwambia aache msasa, kwa sababu mistari inachorwa kutoka chini ya ngozi ya juu. Ukisugua juu inarudi vilevile, na ukienda ndani zaidi unapata kovu, na kovu nalo ni alama. Nikamwambia aonyeshe mtu mzima anayemwamini hivyo vidonda.

Akauliza, "Na damu yangu?"

Hapo ndio niligundua kitu kingine. Nimepata watazamaji wengi kwa damu na sijawahi kuwaambia kitu kimoja cha maana kuihusu. Kwa hivyo sikizeni hii, hasa madem, na nyinyi mavijana pia kwa sababu watoto ni wenu.

Kundi la damu na kuwa mwanamke vinakutana mahali pamoja pa maana: mimba. Mwanamke akiwa Rhesus hasi na mtoto aliye tumboni awe Rhesus chanya, aliyorithi kwa babake, damu zikichanganyika kidogo, kwa mfano wakati wa kujifungua, mwili wa mama unaweza kuanza kutengeneza kinga dhidi ya damu hiyo. Mtoto wa kwanza mara nyingi hapati shida. Anayefuata ndiye anaweza kushambuliwa, akazaliwa na upungufu mkubwa wa damu, ama asizaliwe hai. Na kuna sindano ya kuzuia, inaitwa anti-D, hutolewa kama wiki ya 28 ya mimba na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto wa Rhesus chanya. Hata mimba ikiharibika inaweza kuhitajika, uliza. Hiyo ndiyo sababu kliniki ya wajawazito wanakupima kundi la damu. Watu wanapoteza watoto wawili, watatu, mtaa unasema ni laana, kumbe ilikuwa ni Rhesus.

Ya pili ni kujitolea damu. Hapa Kenya ukiwa na miaka 16 hadi 65, kilo 50 kwenda juu na afya nzuri, unaweza. Mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne, kwa sababu hedhi inapunguza madini ya chuma. Hiyo nayo ni tofauti ya jinsia. Haina uhusiano na nani ni kiongozi na nani ana huruma.

Nilifuta ile video. Haisaidii sana, iko kwa kurasa za watu wengine sahii, koti jeupe na yote. Nikatengeneza nyingine ya kusahihisha, nikaonyesha vidole vyangu vyote kumi mbele ya kamera. Haikufika popote. Komenti ya juu kabisa inasema, "Kumbe ni dem." Mia tatu na kitu wameilaiki. Nimeiacha hapo.

Kodi ya mwezi huu sijalipa. Kuna mtu alinipigia anataka tufanye ile ya vidole sehemu ya pili, na analipa mbele. Nimemwambia hapana, halafu nikakaa kwa kitanda nikipiga hesabu ya ile hapana. Si rahisi venye inasikika.

Wiki iliyopita yule msichana alinitumia picha ya kidole gumba. Ngozi bado nyekundu kidogo pembeni. "Imerudi," akaandika. "Mzunguko uleule." Halafu baada ya dakika kama kumi: "Wameanza kumkagua mtoto mwingine. Nimewaambia kuhusu visanduku 48. Hawakuelewa lakini wamenyamaza."

Kwa hivyo msinitumie vidole tena, tafadhali. Ukitaka kufanya kitu baada ya kusoma hii, nenda kajue kundi lako la damu na Rhesus yako, uiandike mahali utaipata. Na kama uliwahi kumwita mtu jina kwa sababu ya ile video yangu, mwambie mwenye video amesema ilikuwa uongo.